Mzigo Unaendeleaje

Mayala maana yake njaa. Mke wake anaitwa Kabula, na ndani ya jina Kabula kuna mvua. Kwa hiyo siku ya harusi yao pale kanisani Zagayu njaa ilioa mvua, na wanakwaya walichekea hilo mpaka padri akageuka kuuliza kuna nini. Ndivyo Wasukuma walivyo. Jina la mtoto wanalitafuta kwenye kile walichokiona kwa macho yao siku aliyozaliwa.

Katika ukoo wa Mayala anayeona ni mtu mmoja tu, mama yake, Nyamizi wa Lalago. Mtoto akizaliwa, bibi huyu hukaa, huitazama nyumba, huuliza maswali mpaka watu wachoke, kisha hutamka. Mwaka wa njaa akamtamka Mayala. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulipokwisha akamtamka binti yake Milembe, yaani amani. Mjukuu wa kwanza anaitwa Sensa, kwa sababu makarani wa sensa waliingia uani mama yake akiwa ameshikwa na uchungu. Anayebisha aende Lalago akamuulize mwenyewe, ila abebe ugoro. Mikono mitupu hajibiwi mtu kule.

Basi tumbo la Kabula lilipokuwa kubwa, Nyamizi akashuka Zagayu na kuku mmoja na kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kumsubiri mjukuu. Mayala alimpokea vizuri, akambebea kifurushi, na hapo hapo swali likamwingia kama mwiba: mama ataona nini hapa kwangu?

Maana kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya nyumba ile kilikuwa deni, na ulikuwa umekikalia ukiingia tu.

Yalikuwa makochi. Mayala aliwahi kwenda Bariadi kumtazama mtoto wa rafiki yake, akakalishwa kwenye kochi, akazama mpaka magoti yakamfikia kifuani. Akarudi ameamua: wageni wa mtoto wangu hawatakalia magunia. Akaenda kwa Marcelo, fundi seremala pale senta, akatoa kianzio, akasema zilizobaki pamba ikinunuliwa. Marcelo akafunga seti nzima, sponji kutoka Bariadi, kitambaa chekundu chenye simba. Kuyaingiza ndani ilibidi mlango ung'olewe.

"Na mtoto atalala wapi?" Kabula aliuliza siku hiyo.

"Hapo kwenye kochi."

"Na mimi?"

"Kuna makochi mengi, mke wangu."

Kabula alichukua hela zake za karanga anazouza mnadani, akaanza kununua vya kwenda navyo zahanati: beseni, kanga, glovu, mpira wa kutandika. Mayala naye akataka kuchangia. Aliposikia nesi ametaja pamba akafurahi sana, maana msimu uliopita alibakiza kidogo. Akampelekea nesi kiroba kizima, begani.

Nesi akaingiza mkono, akatoa mbegu. "Baba, unataka mtoto aote?"

Ikabidi mkulima wa pamba aende duka la dawa kununua pamba, kipakiti cha kutosha kiganja. Njia nzima alikuwa akikigeuzageuza. Alitaka kujua pamba ile imetoka shamba la nani.

Lakini kilichomnyima raha hasa kilikuwa Marcelo, ambaye alianza kuja nyumbani. Akipiga hodi mbele, Mayala anatoka kwa nyuma na jembe.

"Huyu mtu ni nani?" Nyamizi akauliza.

"Rafiki yangu, mama."

"Mbona rafiki akija wewe unakwenda kulima?"

Usiku huo Mayala alimnong'oneza mkewe, "Akijua, mtoto ataitwa Madeni. Namjua mama. Madeni Mayala. Mwalimu akiita majina darasani, Deni la Njaa, naam, nipo."

"Basi mrudishie fundi makochi yake."

"Mlango niung'oe tena?"

"Sasa kazungumze naye. Ukilima wakati mvua imekwisha, watu watakuona umechanganyikiwa."

Asubuhi Mayala akauza beberu, akaenda kwa Marcelo na zile hela. Marcelo akazipokea, akazihesabu, akashukuru, akaendelea kupiga randa.

"Zilizobaki, pamba ikinunuliwa," Mayala akasema. "Ila usije tena nyumbani. Mama yupo."

"Nisipokuja utanisahau. Nawajua watu wa pamba. Hela ikiingia, mnaona pikipiki."

"Basi njoo, lakini neno deni usilitaje mle ndani. Nakuomba kama ndugu."

Marcelo akasimamisha randa, akafikiri. "Nitaita mzigo."

"Mzigo ni sawa."

Wakashikana mikono. Wanaume wawili wazima, na hakuna aliyejiuliza mzigo mwingine mle nyumbani ni upi.

Kesho yake Marcelo akapiga hodi, akakaa kwenye kazi yake mwenyewe, akaupapasa mshono, akamwamkia bibi kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu. Mayala, mzigo unaendeleaje?"

"Unaendelea," Mayala akasema.

"Hausumbui?"

"Usiku kidogo. Nakosa usingizi."

"Utautua lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

Nyamizi aliacha kumenya viazi, akamtazama mgeni kwa makini. Alipoondoka, bibi akasema, "Ameuliza kama hausumbui. Wewe mwenyewe hujawahi kumuuliza mkeo hivyo." Kisha akauliza mgeni yule ana watoto wangapi, anasali wapi, mama yake kama bado yupo. Mayala akajibu yote akitoka jasho.

Tangu hapo mambo yakaenda hivyo hivyo. Marcelo anakuja, anaulizia mzigo, Nyamizi anampa michembe iliyochemshwa na karanga. Siku moja fundi alikuja amekasirika kidogo, akasema, "Mayala, mzigo huu nautaka mzima. Sitaki vipande." Bibi alikaribia kulia. Kabula aliinuka akaenda jikoni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mayala akadhani ni uchungu.

Uchungu wenyewe ulikuja asubuhi moja ya jua kali, na kabla ya chakula cha mchana mtoto akawa ametoka, wa kiume, mzima, ana sauti ya kuita ng'ombe. Walipoletwa nyumbani, Kabula alilazwa kwenye kochi refu na mtoto kifuani. Majirani wakajaa mpaka uani. Nyamizi akakaa, akaanza kuitazama nyumba.

Akatazama paa, akatazama mlango uliorudishwa vibaya. Mkono wake ukatua kwenye simba mwekundu, na Mayala akafumba macho.

"Nimekaa hapa," Nyamizi akasema, "nimetazama ni nini kimekuwa kikiingia nyumba hii kila siku."

Hodi ikapigwa. Marcelo.

"Karibu ndani, baba," bibi akasema. "Umemkuta wajina wako. Huyu ni Maselo." Ulimi wake haukuwahi kuelewana na r. "Jirani wa kuulizia mimba ya mtu mwingine kila siku, sijamwona hata kule Lalago."

Marcelo akabaki mlangoni, kofia mkononi. Akamtazama Mayala. Mayala akatazama sakafu. Kabula akacheka, akajishika tumbo, akasema anaumia, akacheka tena. Fundi akawekewa mtoto mikononi, akamshika kama ubao ambao bado haujakauka rangi.

"Wajina," akasema taratibu, "mwambie baba yako mzigo mmoja umetua. Umebaki mmoja."

"Upi tena?" Nyamizi akageuka. "Ni mapacha?"

Mayala angeweza kusema lolote, uongo alikuwa nao wa kutosha. Lakini jina lilikwisha kutamkwa, na lile aliloliogopa halikuwa hilo. Akasema, "Makochi, mama. Haya uliyoyakalia. Sijamaliza kumlipa."

Nyamizi akanyanyuka nusu, akatazama alipokuwa amekaa, akakaa tena polepole. "Tangu nifike nakalia deni?"

"Ndiyo, mama."

"Linakalika vizuri." Akafikiri, kama mtu anayeonja chumvi. "Madeni lingekuwa jina zuri pia. Lakini nimeshatamka."

Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa Mayala alilipa kiasi kikubwa, na kiasi kidogo kikabaki, kama kawaida ya watu wa pamba. Marcelo bado anapita, siku hizi amemletea wajina wake kistuli. Na jioni Mayala akimrusha mwanawe juu pale uani na kuita, "Marcelo, Marcelo wangu," huitikiwa na sauti nzito kutoka barabarani:

"Naam. Zimepatikana?"