Moshi wa Chini ya Gari

Alhamisi, tarehe 18 Julai. Usiku ulikuwa wa baridi, na asubuhi upepo wa ziwani ulipeperusha vumbi la Ujiji mpaka ndani ya sufuria. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku ile, na maneno nimeyaacha yalivyo, kwa sababu baridi ile inahusika na habari yenyewe, ingawa wakati naandika sikujua.

Siku hiyo nilikuwa napeleka gari kukaguliwa. Ni gari la mlango wa kuburuza, limetumiwa na watu wawili kabla yetu, labda watatu. Shule moja ya Kigoma mjini ilikubali niwe nawachukua watoto wa Ujiji kuanzia Jumatatu, ila mwalimu mkuu alisema wazi kwamba bila karatasi ya ukaguzi kazi atapewa mwingine. Huyo mwingine nilimjua, na gari lake, niseme haki, ni zuri kuliko langu. Mimi nilikuwa nimeuza dagaa Kibirizi miaka kumi na moja, na mgongo ulishakataa. Karatasi ile niliitaka kweli.

Hofu yangu ilikuwa moshi. Tulipolinunua lilitoa moshi wa bluu, fundi akafungua injini akaweka ringi mpya za pistoni. Fundi huyu ni mtu wa Burundi, amekulia kambini, na gereji yake ni ukuta mmoja na mabati manne. Watu wa mtaani waliniambia nisimpe. Nikampa, na nikajiona mwema kwa kumpa. Nalitaja hilo kwa sababu si la kujisifia.

Asubuhi niliwasha gari nikazunguka nyuma kutazama. Hakuna moshi. Nilifurahi mpaka nikasahau chai.

Kwenye uwanja wa ukaguzi nilikuta magari sita mbele yangu. Sikuzima injini, nikiogopa isije ikagoma kuwaka mbele ya trafiki. Zamu yangu ilipofika, mkaguzi, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alianza na taa, akaja kwenye breki, akavuta mikanda ya viti mmoja mmoja. Vyote alikubali. Halafu akasimama, akanusa.

"Mama, humu unakaanga nini?"

Nikadhani ni utani. Nikashuka. Moshi mweupe ulikuwa unafuka kutoka chini ya gari, pande zote mbili. Dereva aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Ni vitumbua hivyo. Mama, nifungie vinne." Watu wakacheka.

"Likiwa hivi siliandikii," mkaguzi akasema. "Zima, mlisukume pembeni."

Nikampigia fundi. Sikumsalimia. Kwetu hata ukienda kumshitaki mtu unaanza na salamu. Mimi nilisema, "Ringi zako zimeniaibisha. Walioniambia nisikupe gari walijua."

Akasema, "Mama, nakuja."

Alikuja na bodaboda, boksi lake la kulalia likiwa kwapani. Hakunitazama. Akatandika boksi, akaingia chini, na kwa muda nikawa naiona miguu yake tu.

"Mama," sauti ikatoka huko, "juzi ulikwenda wapi?"

"Simbo. Kwa shangazi."

"Ulibeba mawese?"

Hapo hapo nikajua. Jumanne nilileta madumu matatu ya mawese, yamefungwa kama tunavyofunga siku zote, kipande cha nailoni chini ya kifuniko. Kufika nyumbani nikakuta dumu moja limepungua vidole vinne. Nikamwambia baba watoto, "Shangazi ameanza kunipunja." Sikuinua mpira wa sakafu ya gari kutazama. Mafuta yalikuwa yamevuja, yakapita chini ya mpira, yakaingia kwenye tundu la kutu, yakatuama juu ya lile bati linalokinga ekzosi. Jumatano gari halikutoka, na baridi ikayagandisha. Pale kwenye foleni ndipo yalipopata moto wa kutosha.

Fundi alitoka na kidole kimepakaa rangi ya chungwa, akamwonyesha mkaguzi, siyo mimi. "Ringi hazina neno, mzee. Ni mawese."

"Ndiyo maana nilisikia njaa," mkaguzi akasema. "Safisheni. Nitamaliza hawa kwanza."

Nikaomba maji ya moto na sabuni kwa mama lishe wa pale nje. Fundi akakwangua kwa kijiko, mimi nikimpa vitambaa. Tukaliwasha, likafuka tena, moshi ukapungua, ukaisha. Mkaguzi akarudi, akakinga kitambaa cheupe kwenye bomba la nyuma.

"Kanyaga mafuta, mama."

Nikakanyaga. Akakitazama kitambaa, akanionyesha: kimelowa maji kidogo, basi, hakina mafuta. Akaandika karatasi juu ya boneti langu, nikaipokea kwa mikono miwili kama mtoto anayepewa cheti.

Kisha nikamgeukia fundi. "Mwakeye," nikamsalimia kwa Kiha.

"Hiyo ya asubuhi, mama. Sasa saa saba."

"Ni ya asubuhi. Niliibakiza." Nikamwambia pia kwamba lile neno nililosema kwenye simu, la watu wa mtaani, halikuwa haki.

"Hilo lilinichoma," akasema, huku anakunja boksi. Hakusema yameisha, na sikumlazimisha aseme. Ila alikubali nimrudishe gerejini, akakaa kiti cha mbele, na tulipofika Mwanga alikuwa ameanza kunifundisha jinsi ya kuliziba lile tundu.

Niliporudi nyumbani nilimpigia shangazi, nikamsalimia kwa urefu. Hakuelewa kwa nini namwomba radhi, na nikaona aibu kumweleza yote.

"Sasa amekupunja au hakukupunja?" baba watoto akauliza.

"Gari ndilo lililokunywa."

Jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, kutoka dumu lile lile lililopungua, na matembele kidogo.