Choo Kilichosubiri Mgeni Rasmi

Mara ya kwanza kumwona wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kwetu kunitazama, maana posa ilikuwa imeshaletwa. Mama alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani. Wifi akasalimia vizuri, kisha kabla hajakaa akauliza, "Jamani, choo kiko wapi?" Akaenda, akakawia huko hadi shangazi akaanza kunikonyeza. Aliporudi akatangaza kwamba ndoa anaiunga mkono, ila shimo la maji machafu liko karibu mno na jiko. Mama alinuna hadi jioni. Mimi nikabaki najiuliza, huyu ni mtu wa namna gani?

Miaka yote nimekuwa nikimchunguza. Alikuwa afisa afya wa mji, na mji mzima unamwita Bibi Afya, hata wale wanaomkimbia. Akiingia mgahawani anakwenda moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria, ananusa vitambaa vya kufutia vyombo. Wenye mabucha wakimwona kwa mbali wanaanza kusugua meza kama watu waliofumaniwa. Hapokei soda, hapokei nyama, hata kiti akikaribishwa hakai. Nikamwona ana moyo mkavu. "Dada ndivyo alivyo, mzoee tu," mume wangu akaniambia. Wapi! Nilizidi kumpekua kwa macho. Mtu huyu hufurahishwa na nini? Sifa anazitaka, au kweli hana habari nazo?

Jambo alilolipigania kuliko yote ni choo cha soko. Mimi nauza nyanya pale, kwa hiyo hapa sisimuliwi na mtu. Wanaume walikuwa na ukuta wao wa nyuma. Sisi wanawake tulikuwa hatunywi maji tangu alfajiri hadi tufunge meza, jua linatuchoma utosini, na jirani yangu wa meza, Bibi Karanga, aliwahi kulazwa kwa ajili hiyo. Wifi alikwenda halmashauri kikao baada ya kikao. Akawachosha, wakamchosha, akarudi tena. Mwishowe kikajengwa, milango imara, mabomba, masinki meupe, na tukapiga vigelegele.

Halafu wakakitia kufuli.

Eti kisichafuliwe kabla ya uzinduzi! Mgeni rasmi alikuwa anasubiriwa kutoka makao makuu aje akate utepe, na siku hiyohiyo Bibi Afya atunukiwe ngao ya utumishi uliotukuka, kwa kuwa alikuwa anakaribia kustaafu. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Wiki zikapita, choo kinang'aa, na sisi tumebana miguu mbele yake. Kila wifi alipoomba kifunguliwe, mwenyekiti wa halmashauri alimjibu kwa upole, "Mama, vumilia kidogo, heshima yako ndiyo tunaiandaa."

Siku yenyewe ikafika, na ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, ngao ikawekwa mezani imefunikwa kitambaa. Asubuhi ikaisha, mgeni hajaonekana. Adhuhuri ilipokaribia mwenyekiti akashika kipaza sauti. Mgeni amepata dharura, akasema, sherehe inasogezwa hadi tarehe itakayotangazwa, na choo kitaendelea kutunzwa. Watu wakaguna.

Nikamgeukia wifi. Funguo za ukaguzi, wa choo hicho ukiwemo, zilikuwa mkobani mwake, na jioni ile alitakiwa kuzikabidhi. Baada ya hapo asingekuwa na mlango wowote wa kufungua mjini. Akainuka, akapita mbele ya meza kuu, akauinua utepe kwa mkono kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akafungua kufuli.

"Mama!" mwenyekiti akaita, kasahau kwamba kipaza sauti bado kiko mdomoni. "Ukifungua leo, hakuna uzinduzi tena. Na ngao haitoki bila uzinduzi!"

"Sawa, baba," wifi akamjibu. "Bibi Karanga, njoo. Taratibu, sakafu inateleza."

Wifi akatangulia ndani kufungulia mabomba, maji yakamwagika sakafuni, na foleni ikajipanga yenyewe hadi kwenye meza za mboga. Mwenyekiti akaibeba ngao na kitambaa chake, akaitia kwenye gari. Nilimfuata nikimfokea hadi sauti ikakauka, na nikamwita majina ambayo mwanamke hapaswi kuyatamka mbele ya wifi yake. Hakugeuka. Gari likaondoka.

Niliporudi nilimkuta wifi amekaa juu ya tenga langu la nyanya, anaitazama foleni. Bibi Karanga alikuwa ametoka, ameagiza chupa ya maji, anainywa mchana kweupe huku wenzake wakimshangilia. Nikaona nisipouliza sasa, sitauliza tena maishani.

"Wifi, niambie kweli. Haikuumi?"

Alijifuta uso kwa kiganja.

"Inauma sana," akasema. "Kwani uliniona jiwe? Hata viatu nilinunua kwa ajili ya leo."

Nikainama kuvitazama. Vilikuwa vya buluu, vina kifungo kidogo pembeni, na maji ya choo yalikuwa yameshavilowesha hadi juu. Vilikuwa vizuri kweli, na nikamwambia hivyo.