Jina la Muuza Maandazi

Moshi wa ubani ulikuwa umenijaa kifuani, shuka limenifunika kichwa, ngoma inapigwa sikioni, na fundi wa kupunga majini ananiuliza kwa mara ya mia, "Wewe nani? Taja jina lako." Kaka yangu mkubwa alinishika mabega nisilale. Siku ya tatu hiyo. Nikataja jina la bibi mmoja wa Kisiwani, marehemu, aliyekuwa akituuzia maandazi utotoni. Nilitaka tu waniache.

Wakapiga vigelegele. Jini kajitaja. Kesho yake mwanangu wa miezi minne akapelekwa Rondo kwa mama mkwe, maana fundi alisema jini hilo linapenda watoto wachanga.

Sikuwa na jini. Tangu nijifungue silali, sili, kutamka neno moja ni kama kubeba gunia. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu, kaka kafungua duka la mitumba mjini Masoko, na mimi dada yake, ninayekaa barazani nikitazama ukuta, nilimfukuzia wateja. Nesi wa zahanati alimwambia anipeleke hospitali. Kaka akamjibu kwamba mwenye jini akichomwa sindano anakufa.

Ugonjwa ukawa unakuja na kuondoka, zaidi ya miaka ishirini. Ni yule mtoto, aliyekulia Rondo, sasa mtu mzima, aliyenifuata akanipeleka Dar es Salaam. Vidonge vya sonona havikunisaidia, daktari akashauri mashine ya sumaku, ya kuuamsha ubongo kutoka nje. Nikavua hereni. Kitu kama sahani kikawekwa kichwani, kikaanza kugonga, ta-ta-ta, kama kidole kwenye mfupa. Nikaisikia ngoma ile ile.

"Inauma, mama?" daktari akauliza.

"Haiumi. Ila jina mtaniuliza saa ngapi?"

"Jina lako lipo kwenye faili, mama."

Mwanangu akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimesahau sauti yangu ikicheka.

Tukaenda kila siku ya kazi. Wiki ya nne niliamka natamani chai na muhogo. Hivyo tu. Nimelala, nimeamka, nataka chai. Nikakaa kitandani nikalia kwa raha.

Kaka, mpaka leo watu wanakuamkia shikamoo, unaitika. Fundi naye yu hai. Siku tatu mlinibana niseme mimi ni nani, nikawapa uongo. Sasa zamu yenu, na mimi nataka ukweli: mwanangu mlimchukua kwa kosa gani? Tumekaa naye hapa, anawasubiri mjibu.