Sufuria za Mgeni wa Manila

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanisani kwetu, huku ughaibuni, mtaa wa Jane na Finch, jembe ni sufuria za pilau, na mgawa kazi ni mimi. Jumapili yake ya tatu nilimvisha aproni yule mama mzee kutoka Manila, akaanza kusugua ukoko.

Wakaingia manesi wawili Wafilipino. Walipomwona kwenye sinki waliduwaa, kisha wakauinamia mkono wake wenye povu, wakaugusisha kwenye vipaji vya nyuso zao kwa heshima. Mmoja akaniambia Manila nzima inaimba nyimbo za mama huyu.

Nilimpokonya sufuria huku nikimwomba radhi. Akauliza kama ameosha vibaya.

Sufuria nikampa bibi wa Kigoma, mgeni kama yeye, tena mzee kumshinda. Akanishukuru. Nikatazama pembeni.