Ratiba ya Kumtembeza Mama Mkwe

Phineas Shikanga alikuwa mtu wa ratiba. Wako watu wa pombe, wako watu wa kanisa, wako watu wa wake za wenyewe. Yeye Mungu alimpa ratiba. Mchana alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, akihesabu majembe ambayo hayajawahi kuona udongo. Jioni, nyumbani kwake Shieywe, aliandika ratiba nyuma ya fomu zilizoharibika. Ratiba ya kufua. Ratiba ya kuona mgonjwa: saa nane kuwasili, saa nane na dakika tano pole, saa nane na robo maombi, saa nane na nusu kuondoka, mgonjwa apende asipende.

Hizo ratiba ndizo zilizomponza. Baba mkwe wake alipofariki kule Kimilili, mwaka wa tisini na moja, Phineas alifika mazishini na karatasi iliyopigwa taipu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja na karatasi, akakabidhiwa programu. Kila msemaji dakika tano. Mjane, Mama Khalayi, akasimama kumlilia mzee wake wa miaka arobaini. Alianzia mbali, siku alipoletwa pale akiwa msichana, na alikuwa hata hajafika kwa mtoto wa kwanza aliposikia kengele. Kengele ya shule, ya shaba, Phineas aliiazima makusudi. "Asante, mama. Muda umekwisha." Aliyasema hayo akiwa amempa mgongo, kwa heshima, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Phineas alishika mila yote sawasawa, akakosea kwa kengele.

Tangu siku hiyo Mama Khalayi hakumtumia salamu. Barua zilikuja. Alimsalimu binti yake Teresa, akawasalimu watoto mmoja mmoja kuanzia Kageha, akamsalimu jirani Zipporah ambaye hakuwa amewahi kumwona, akasalimu paka. Phineas hakutajwa. Alijifanya hajali, lakini kila barua ikisomwa alikohoa na kusema, "Imefika mwisho? Hebu geuza upande wa pili." Upande wa pili ulikuwa mweupe. Miaka mitatu, upande wa pili mweupe.

Kisha Agosti ya tisini na nne ikaja habari: Sylvia, mdogo wake Teresa, anaolewa na kijana wa Lurambi, harusi Jumamosi, hapahapa Kakamega. Mama Khalayi akaandika kwamba atafika Jumatano. "Nauli ya kukaa siku moja na nauli ya kukaa siku nne ni ileile," alisema. "Kwa hivyo nitakuja mapema niangalie huko kwenu kuna nini. Nasikia kuna mbega. Mimi mbega nimemwona kwenye kofia ya marehemu tu. Sijawahi kumwona akiwa ndani ya ngozi yake."

Phineas aliisoma barua hiyo mara tatu, akachukua fomu iliyoharibika.

"Baba Kageha, unaandika nini?" Teresa akauliza.

"Ratiba ya matembezi."

"Na pesa zote zimeingia kwa harusi?"

"Jicho halina mita, Teresa. Alhamisi, jiwe linalolia la Ilesi: bure. Hata ukilala pale ni bure. Ijumaa, mbega wa msitu wa Buyangu."

"Kule getini wanalipisha."

"Mbega hajui geti liko wapi. Asubuhi wanatokanga hadi ukingoni, kwa mashamba ya watu. Tutawaona wakiwa nje, kama majirani."

"Na mwongozaji ni nani?"

"Si mimi? Nani mwingine anajua hizi sehemu?"

"Phineas. Huyo ni mama yangu. Utamwongozaje na hamuonani?"

"Hiyo," Phineas akasema, "nimeiweka chini ya mengineyo."

Mama Khalayi alifika Jumatano na kikapu, mwavuli na jogoo. Kwa kuwa mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, akawekwa kwa Zipporah. Zipporah aliishi mlango wa pili unaotazamana na wa Phineas, hatua nne katikati, na Mama Khalayi akaweka kiti chake mlangoni pale kama askari wa benki. Basi Phineas akaanza kutoka kwa dirisha la nyuma. Alhamisi alfajiri mpangaji mmoja alimwona mguu mmoja ndani mmoja nje, akapiga yowe la mwizi, na karani wa stoo akakimbizwa hadi karibu na soko akiwa na tai shingoni na ratiba mkononi.

Alifika Ilesi akihema, akajibanza nyuma ya lile jiwe refu lililobeba kichwa chake juu kama mwanamke aliyejitwika. Baada ya muda akasikia Teresa na mama yake wakipanda. Akasafisha koo.

"Jiwe hili," ikasema sauti kutoka nyuma ya jiwe, "linajulikana kote kwa kutoa maji kama machozi."

Mama Khalayi akasimama. "Teresa. Jiwe linaongea?"

"Ni mwangwi, mama."

"Mwangwi wa nani? Mimi sijasema kitu."

"Wazee husema," jiwe likaendelea, "kwamba alikuwa msichana aliyekataliwa na baba yake..."

"Hili jiwe limesoma," Mama Khalayi akasema. "Linaongea kama mtu wa ofisi."

Hapo ndipo Phineas alipotazama saa yake. Mtu ana asili yake. "Dakika nne zimebaki," likasema jiwe.

Maji yakatiririka kidogo juu ya jiwe. Mama Khalayi akafunga leso yake upya, polepole, kama mtu anayejiandaa kupigana.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Muulize kama amekuja na kengele." Akageuka, akashuka.

Jioni Zipporah akaleta ujumbe: jiwe likiongea tena, au akimwona mkwe uso kwa uso mahali popote, Mama Khalayi anapanda gari la Kimilili siku hiyohiyo, na Sylvia ataolewa kama yatima. Phineas hakula. Akaenda gizani hadi kwa Barasa, askari wa msitu aliyekuwa rafiki yake wa kucheza drafti, kumwomba awe mwongozaji kesho yake.

Barasa alikuwa amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. "Jino," akasema. "Kesho naenda kung'olewa."

"Nimekwisha, Barasa. Harusi itavunjika mikononi mwangu."

Barasa akamtazama kwa huruma ya mtu mwenye maumivu yake. Akaingia ndani, akatoka na koti la mvua la kijani na kofia pana ya kazi. "Vaa hii. Ukiwa ndani ya hii wewe si Phineas, wewe si mkwe wa mtu. Wewe ni msitu. Umewahi kusikia koti likiwa na mama mkwe?"

Mtu mwingine angecheka. Lakini Phineas alikuwa amekaa serikalini miaka kumi na mbili, na huko alijifunza kwamba mtu na kiti chake ni vitu viwili tofauti. Hoja ilimwingia kabisa.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Buyangu, penye njia ya kijiji inayopita kati ya mahindi na msitu. Phineas alisimama na kofia imemfika puani. Aliona viatu tu: vya Teresa, na pembeni yake, raba nyeupe za Mama Khalayi.

"Mama, huyu ni bwana wa msitu," Teresa akasema kwa sauti ya mtu anayeapa uongo mahakamani.

"Juzi nilipita hii barabara nikija," Mama Khalayi akasema. "Mngeniambia ningeshuka hapahapa, niangalie, halafu nije mjini. Nani alipanga hii safari?"

Mama akavuta leso yake hadi kwenye nyusi. Sasa hata yeye aliona viatu tu. Wakatembea hivyo, kofia mbele, leso nyuma, na Teresa katikati akiwaonya juu ya mizizi.

"Bwana wa msitu, una mke?"

"Ninaye, mama." Phineas aliongea kwa sauti nzito aliyoiazima kwa Barasa, pamoja na kidonda cha jino.

"Mama yake yuko hai?"

"Yuko hai sana."

"Unamheshimu?"

"Sijawahi kumtazama."

"Vizuri. Mimi pia niko na mkwe hapa Kakamega. Anatokanga kwa dirisha."

"Labda ni kwa heshima, mama."

"Labda. Ama labda ameshindwa na mlango."

Teresa akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

Saa mbili kamili, wakati wa mbega kwenye ratiba, mbega hawakutokea. Saa mbili na nusu, bado. Saa tatu ilikuwa ya kuondoka, maana Sylvia alikuwa nyumbani akingoja kusukwa na gauni lilikuwa bado halijapigwa pasi. Teresa akasema, "Mama, twende. Labda leo wamelala."

Mama Khalayi akakunja leso ya pili, akaiweka juu ya gogo, akakaa. "Sylvia ataolewa kesho. Mbega ni leo."

Phineas akausikia mkono wake wa kushoto ukipanda wenyewe kuelekea usoni, saa ikija kumtazama. Akaukamata kwa mkono wa kulia. Ratiba ilikuwa mfukoni, imeandikwa vizuri, yenye mstari chini ya "kuondoka". Alijua akitamka dakika yoyote, iwe moja iwe kumi, mama huyu atasimama, na gari la Kimilili linapita hapohapo barabarani. Akavua saa, akaitia kwenye soksi.

"Tutangoja, mama," akasema. "Msitu hauna haraka."

Walingoja saa nne nzima. Teresa alilala ameegemea mti. Ilikuwa inakaribia saa saba majani yalipotikisika, mbega wakashuka: saba, nane, weusi, na yale manyoya meupe mabegani na mikia myeupe inayoning'inia. Wakakaa kwenye tawi moja kwa mpangilio, kimya, wakiangalia chini kama wazee waliofika kwenye kikao na kukuta chai bado.

Mama Khalayi akasimama. Akawatazama kwa muda mrefu.

"Haya basi, mzee," akamwambia yule mkubwa wa katikati. "Tuanzie pale nilipokatizwa."

Akaanza. Alianzia siku alipoletwa akiwa msichana, akafika kwa mtoto wa kwanza, akapita wa pili na yule aliyekufa, akaeleza ng'ombe aliyevunjika mguu, mwaka wa njaa, ile redio mzee aliyoinunua bila kumwambia. Alilia, akacheka, akagombana na mbega juu ya redio. Mbega walisikiliza. Mmoja alijikuna. Mwingine, kutoka tawi la juu kabisa, alikojoa moja kwa moja kwenye kofia ya bwana wa msitu, mkojo ukamtiririka hadi kwenye kola. Bwana wa msitu hakusogea hata ukucha. Hakuna aliyeuliza muda. Mama alipomaliza jua lilikuwa limegeuka upande wa pili, akapenga kamasi, akasema, "Hayo ndiyo nilitaka kusema," na wakarudi mjini. Gauni la Sylvia lilipigwa pasi usiku, likaungua kidogo mahali ambapo maua yalificha.

Harusi ilifanyika. Mama wa bibi harusi alikuwepo, ameketi mbele, mwavuli magotini. Phineas, ambaye mila haikumruhusu kuketi hema moja naye, alikula harusi kutoka nyuma ya jikoni, kati ya masufuria.

Sasa, kwetu kuku hagawanywi ovyo. Ile firigisi, imondo yenyewe, ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Kuna watu wamehama boma kwa sababu ya imondo iliyopotea. Mama Khalayi aliletewa kuku wake mzima wa heshima. Akaichomoa imondo, akaifunga kwenye kipande cha jani la mgomba. Teresa alikuwa kule kwenye picha na maharusi, kwa hivyo mama akamwita Zipporah, na Phineas, kutoka nyuma ya sufuria kubwa, alisikia kila neno.

"Mpelekee yule bwana wa msitu. Wa koti la kijani. Mwambie Mama Khalayi anamsalimu. Anamshukuru kwa sababu hakutazama saa."

Miaka mitatu! Phineas akapangusa mikono kwenye suruali, akanyoosha tai.

Zipporah akapita karibu naye, akaendelea mbele. Pale chini ya mti wa mparachichi alikuwa ameketi Barasa, shavu limevimba kama embe. Alikuwa amefuata koti lake asubuhi, na kwa kuwa kulikuwa na manyunyu, alikuwa amelivaa.

"Mama Khalayi anakusalimu," Zipporah akamwambia. "Anashukuru hukutazama saa."

"Saa gani?" Barasa akauliza kwa upande mmoja wa mdomo. "Mimi sina saa." Lakini imondo ni imondo. Akaitia mdomoni.

Phineas alifika akiwa amechelewa tafuno moja. Angeweza kusema. Lakini kusema ni kukiri kwamba ndani ya lile koti kulikuwa na mkwe, na mama alikuwa pale hatua ishirini, leso ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi, akiangalia kwa makini sana viatu vya watu. Basi akachutama mbele ya Barasa, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka kwa uchungu wa lile shimo la jino, akaiangalia salamu yake ikizunguka kutoka shavu hadi shavu.

"Ngumu hii kitu," Barasa akaguna. "Nimeze tu?"

"Wewe!" Phineas akasema. "Tafuna. Tafuna polepole, uisikie vizuri. Chukua muda wako."