Kumwita Thawin Ghalani

Lamduan alikuwa mshona magunia katika kinu cha mpunga cha pale Thonburi, ukingoni mwa mto, na mumewe Thawin alikuwa mpakiaji hapohapo. Siku mpunga ulipoporomoka ghalani na kumfunika Thawin, mwili ulitolewa, lakini roho haikuitwa. Tajiri wa kinu hakutaka watawa na nyuzi zao za kuongozea roho. Jahazi lilikuwa linasubiri mzigo. Na mtu aliyekufa ghafla, asipoitwa kwa jina na kuongozwa hadi nyumbani, hubaki palepale na upweke wake mpaka apate wa kushika nafasi yake. Kinu kilipofungwa na milango ikashika kutu, Lamduan alishukuru. Asiyeingia hachukuliwi.

Sasa watu wanaingia. Jiji limetoboa madirisha na kuotesha nyasi palipokuwa pakianikwa mpunga. Ghala lenyewe limekuwa chumba cha vitabu vya watoto, na mjukuu wake Muk habanduki humo.

"Kuna nini huko ambacho nyumbani hakipo?" alimuuliza.

"Kuna ubaridi, bibi. Nikilala sakafuni nasikia kama mtu anapumua."

Siku ya pili Lamduan alimfuata mwenyewe, vijiti vya ubani mkononi. Mlinzi, kijana wa mtaani kwao, alimcheka.

"Leo bibi kaja kusoma!"

"Nimekuja kuchukua watu wangu."

"Si una Muk tu?"

"Wawili," alisema, na kijana akaacha kucheka.

Alisimama mlangoni. Watoto walikuwa wamelala chali juu ya mazulia, mahali alipofukuliwa Thawin. Hakuvuka kizingiti. Kwa kuona haya aliita kwa kunong'ona: "Thawin, ni mimi. Twende nyumbani." Muk alipotoka akamshika mkono, na njia nzima akawa anamweleza aliye nyuma: tunashuka ngazi, tunatoka langoni. Mgongo wake ulikuwa baridi; Thawin alikuwa anakuja. Hakugeuka.

Walipofika kwenye mfereji unaotenganisha kinu na mtaa wao, Muk alimponyoka akakimbilia daraja jipya la chuma.

"Utaanguka, we mtoto!" Lamduan akamkimbilia. Alipomkamata walikuwa ng'ambo tayari, na mgongo wake ulikuwa na joto kama wa mtu yeyote.

Hakumwambia kwamba wanavuka. Mfu asipoambiwa, havuki maji. Na daraja hili Thawin hakuwahi kuliona. Amemtoa ghalani, kisha amemwacha amesimama pale ukingoni mwa maji, karibu na watoto wa watu.

"Kaa hapa. Usitie neno," alimwambia Muk, akarudi hadi katikati ya daraja. Safari hii alipaza sauti. "Thawin! Hili ni daraja, tunavuka! Njoo!" Vijana waliokuwa wakipigana picha walimgeuzia simu zao. Mgongo ukabaki na joto. Akaita tena.

"Babu!" Muk alipiga kelele kutoka ng'ambo, kwa furaha ya mtoto aliyekuwa ameachwa nje ya mchezo na sasa anauingia. "Babu Thawin, njoo kwangu! Halitikisiki!"

Lamduan alimkimbilia akamziba mdomo, lakini jina lilikuwa limeshatoka. Kiganja chake kilikuwa juu ya shavu la mtoto, na shavu lilikuwa baridi.

"Babu anakuja, bibi?" Muk aliuliza kati ya vidole.

"Tembea. Usiangalie nyuma."

Akamweka mtoto mbele yake, akamkumbatia mabega huku wakienda, asijue ni yupi kati yao anayefuatwa, wala kama Thawin anakwenda nyumbani au amepata wa kushika nafasi yake.