Chapuchapu na Vidato Kumi na Tisa

Chapuchapu alizaliwa wa miezi saba, na tangu hapo hajaweza kusubiri kitu. Chai huinywa amesimama. Misibani hufika wa kwanza na kuondoka kabla marehemu hajafika. Jina lake halisi watu walishalisahau, maana hakuwahi kutulia mahali likaitwa lote likaisha.

Alikuwa fundi wa mota. Karakana ilikuwa chini, nyumba juu, na katikati ngazi ya vidato kumi na tisa aliyoipanda kwa mirukio saba. Mota alizipima kwa sikio: ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, macho kayafumba. Hizo ndizo sekunde pekee za siku alizotulia. Alizozipenda ni mota za disii tupu, zile zinazokula umeme wa betri na kuzunguka mara elfu tatu kwa dakika. Za giaboksi, zilizofungiwa gia za kupunguza kasi, alizidharau. "Hiyo ni mota iliyooa," aliwaambia wateja, na mkewe, fundi cherehani aliyeshonea mlangoni pa karakana hiyohiyo, alisikia kila mara.

Mama yake aliishi nao juu. Magoti yalikuwa yamemwasi, na mwezi uliopita alianguka kwenye kidato cha kumi na moja. Kaka mkubwa, mwalimu mkuu anayeongea na ndugu zake kana kwamba wamechelewa kufika mstarini, akapitisha uamuzi: Jumamosi anamchukua mama akaishi kwake, nyumba isiyo na ngazi. Wala haikuwa na dirisha la maana. Mama hakutaka kusikia. Dirishani pake aliuona mtaa mzima, nani kanuniana na nani, nani kanyolewa vibaya. Kwa mwalimu mkuu angetazama ukuta na vikombe vya mbio za magunia.

Chapuchapu akaapa kwamba kufikia Jumamosi mama atapanda ngazi ile ameketi. Mwalimu mkuu akasema sawa, akimwona anapanda salama, atarudi zake peke yake.

Siku tatu Chapuchapu alichomelea reli pembeni mwa ngazi, akafunga kiti chenye magurudumu na kamba ya chuma ya kukivuta. Juu akaweka mota yake kipenzi ya disii. Mkewe akamkumbusha kwamba chini ya meza kulikuwa na mota ya giaboksi, iliyotolewa kwenye geti bovu. Akajibu kwamba mama yake si konokono.

Ijumaa asubuhi walijaribu kwa mfuko wa saruji, uzito wa mama au pungufu kidogo. Alipobonyeza swichi, mota iliguna tu. Akaongeza betri ya pili. Kiti kikaruka vidato vinne, ikanuka vanishi ya nyaya za mota iliyoungua, kikasimama. Kisha kikaanza kurudi, polepole, halafu si polepole tena, kikagonga kizingiti na mfuko ukapasuka. Suti ya bluu ya mteja, iliyokuwa kwenye cherehani, ikageuka ya kijivu. Mkewe naye.

Hakuna aliyecheka. Wote wawili walikitazama kiti kitupu, na wote walimwona aliyepaswa kukikalia.

"Mota yako inajua kukimbia," mkewe alisema, akijipangusa nyusi. "Kubeba haijafundishwa."

Chapuchapu akaitoa ile ya geti chini ya meza, akaifungua kwa hasira, kama anayetafuta kosa la mkwe. Ndani akakuta mota ya disii. Ndogo, saizi ya kikombe, dhaifu kuliko yake. Lakini mbele yake palikuwa na gia: ya kwanza kama skrubu, ikisukuma gurudumu la meno, nalo likisukuma jingine. Kidude kile kilizunguka mara mia tatu ili kamba ivutwe mzunguko mmoja. Kasi yote ilikuwa imeuzwa, ikanunuliwa nguvu. Na umeme ukikatika, gurudumu halikuweza kuisukuma skrubu irudi nyuma. Mzigo ulibaki palepale.

Akaifunga juu mahali pa ile ya kwanza, akapakia mfuko mwingine, akawasha, na ulipofika katikati ya ngazi akazima swichi. Akaitegea mota sikio kwa bisibisi dakika kumi, akingoja mfuko uanguke. Haukuanguka.

Jumamosi mwalimu mkuu alisimama juu ya ngazi na begi la mama mkononi, lililokwisha fungwa. Mama alishushwa kwa kiti, kisha akaanza kupandishwa. Chapuchapu alipanda na kushuka mara tatu kabla mama hajafika nusu.

"Zima," mama akasema kwenye kidato cha kumi na moja.

Akazima. Kiti kikatulia. Mama akakitazama kidato kile kama mtu anayemtazama mdaiwa, akauliza habari za suti.

"Mama, twende basi."

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu. Miezi saba nilikubeba, wewe dakika tatu zinakushinda?"

Chapuchapu akakaa, goti likimcheza, hadi alipoambiwa awashe. Kiti kilipofika juu, mama alimwangalia mwanawe mkubwa.

"Mwalimu, begi langu lirudishe lilikotoka."

Likarudi. Alasiri Chapuchapu aliikodolea macho ile giaboksi, bisibisi mkononi, akipiga hesabu: akitoa gia moja tu, huenda dakika tatu zikawa mbili.

"Nakuona," ikasema sauti kutoka dirishani.